Siku niliyogeuka nyanya mwenye ng'ombe wawili

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Safari hii sina kisingizio cha stima wala cha mtandao. Nilikuwa nimejifungia nikiandika programu ambayo mhadhiri wangu wa zamani aliniomba, na nilipoimaliza nikamshauri asiitumie vile alivyokuwa amepanga. Leo nataka kuwaeleza kwa nini. Kisa chenyewe ni kirefu kidogo, kwa hivyo jimiminie chai tuanzie mwanzo.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea sayansi ya kompyuta, kulikuwa na somo moja ambalo wengi wetu tulilidharau. Ni lile la kukusanya mahitaji: kabla hujaandika programu, unaenda kumuuliza atakayeitumia anafanya kazi yake vipi na anataka nini. Sisi tulitaka kuandika programu, bwana! Kuuliza watu maswali tuliona ni kazi ya wale wa masomo ya biashara.

Mhadhiri naye alikuwa na shida yake. Hangeweza kutupeleka wote 22 mashambani au hospitalini kila wiki. Basi la chuo lina foleni, na watu wenye shughuli zao hawana muda wa kujibu swali lile lile mara ishirini. Akaamua kutuletea kijiji ndani ya maabara.

Kijiji ndani ya seva

Kwa asiyefahamu, avata ni umbo linalokuwakilisha ndani ya ulimwengu wa kompyuta. Neno lenyewe lina asili ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na lilihusu mungu kushuka duniani katika umbo fulani. Sisi hatukuwa miungu. Tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki, na maumbo yetu yakitembea kwenye skrini.

Wazo hili si geni. Second Life, ulimwengu pepe wa kampuni ya Linden Lab, ulifunguliwa mwaka 2003, na miaka michache baadaye vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza vikaanza kununua ardhi humo. Mwaka 2006 Harvard ilikuwa na kozi ya sheria iliyofundishwa kwa sehemu ndani yake. Halafu mwaka 2010 kampuni ikatangaza kwamba inaondoa punguzo la nusu bei lililokuwa likitolewa kwa taasisi za elimu, na vyuo vingi vikafunga virago. Punguzo lilirudishwa mwaka 2013, lakini aliyekwisha hama amehama.

Wengine walihamia OpenSimulator, na huko ndiko mhadhiri wetu alikotupeleka. Hii ni programu huria iliyoanza mwaka 2007. Unaiweka kwenye seva yako mwenyewe, na unaingia kwa kutumia programu zile zile za kutazamia Second Life, kama vile Firestorm. Raha yake kwa chuo cha kwetu ni kwamba haihitaji intaneti. Seva moja kwenye kona ya maabara, kebo za mtandao wa ndani, basi. Eneo moja la kawaida lina ukubwa wa mita 256 kwa 256, ambayo inatosha kabisa kujenga kituo cha kupokea maziwa, ofisi ya mwenyekiti, barabara na boma mbili tatu.

Msidhani ilikuwa sinema. Kompyuta za maabara hazikuwa na kadi za michoro, kwa hivyo tulipunguza umbali wa kuona mpaka mita 64 na kijiji kikawa na ukungu wa kudumu. Sauti tulizima, tukawa tunaandika tu. Na avata isipopakiwa vizuri, mfumo humpa mtu umbo la msingi ambalo watumiaji wa zamani wanalijua kwa jina la Ruth, mwanamke mwembamba. Siku ya kwanza mwenyekiti wa ushirika alikuwa Ruth, dereva wa pikapu alikuwa Ruth, na karani wa mzani pia alikuwa Ruth. Tulicheka hadi machozi. Mavazi ya bure tuliyopata yalikuwa ya wachunga ng'ombe wa Marekani na sketi fupi. Mwenzetu mmoja alilazimika kupiga picha leso ya mamake na kuibandika kwenye nguo ya avata ili tupate mtu anayefanana na watu wa kwetu.

Leso hiyo nilivaa mimi.

Kadi yenye pande mbili

Mchezo ulikuwa na kanuni nyepesi. Nusu ya darasa walikuwa wachambuzi wa mfumo, waliotumwa kubuni programu ya kurekodi maziwa ya ushirika. Nusu nyingine tulikuwa watu wa kijiji. Kila mwanakijiji alipewa kadi. Upande wa mbele ulikuwa na mambo ambayo kila mtu aliweza kuyajua. Upande wa nyuma ulikuwa wako peke yako.

Mbele ya kadi yangu paliandikwa hivi: wewe ni nyanya wa miaka 67, una ng'ombe wawili, unapeleka maziwa kituoni kila asubuhi. (Nyanya kwa maana ya bibi, ndugu zetu wa Tanzania, si ile ya kachumbari.) Nyuma palikuwa na mambo matatu. La kwanza, mzani ukisoma kilo 6.4, karani huandika 6. Wewe unajua kwa sababu unapima nyumbani kwa mkebe na kuchora alama za makaa kwenye ukuta wa jikoni. La pili, simu iliyosajiliwa kwa jina lako hukaa na mjukuu wako. La tatu, hujui kusoma, na unaona haya kusema hivyo mbele ya watu.

Chini kabisa palikuwa na agizo: usiseme lolote kati ya haya mpaka mtu akuulize swali linalolihusu. Ukiulizwa, sema kweli.

Nilidhani itakuwa kazi ya kukaa tu. Nikamsimamisha nyanya wangu, mfupi na mgongo umeinama kidogo, kando ya mtungi wake karibu na kituo. Wachambuzi wakaingia. Wote wakaenda moja kwa moja ofisini kwa mwenyekiti, ambaye jamani alikuwa anapenda kuongea! Nikaandika, "Habari zenu wanangu." Mmoja akajibu, "Poa nyanya," akapita. Nikamsogeza nyanya karibu na mlango. Hakuna aliyegeuka. Kulingana na rekodi ya seva nilisimama pale dakika 11 bila kusemeshwa.

Hatimaye mchambuzi mmoja akaja.

"Nyanya, una simu?"

"Iko."

"Ungependa kupata ujumbe wa kilo zako kwa simu?"

"Ni vizuri."

"Asante sana nyanya."

Akaondoka. Sikuwa nimemdanganya hata kidogo. Lakini kwenye ripoti yao waliandika kwamba wakulima wana simu na wameukubali mfumo wa ujumbe mfupi. Ujumbe ambao ungefika kwa mjukuu, na hata ungefika kwangu nisingeweza kuusoma.

Kisha vikundi vikaonyesha miundo ya hifadhidata zao. Kundi la pili lilikuwa na jedwali safi sana, majina ya safu yamepangwa vizuri, na kwenye safu ya kilo wameandika: namba nzima. Nilihisi moto kifuani. Namba nzima! Hesabu ni rahisi. Kilo 0.4 kwa siku, kwa siku 30, ni kilo 12 kwa mwezi. Karani akikata, angalau nyanya anaweza kumkazia macho. Sasa kompyuta ndiyo itakayokata, na atamlalamikia nani? Mimi niliyekuwa nikiliona somo hili kama upuzi nilikuwa nimekasirika kikweli, kwa niaba ya mtu asiyekuwepo.

Kwa nini inauma wakati unajua ni mchezo

Baadaye nilitafuta kujua kama mimi tu ndiye mjinga. Kumbe hapana. Mwaka 2006 Mel Slater na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walirudia kwa njia ya kompyuta lile jaribio maarufu la Stanley Milgram la mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambapo mtu anaagizwa kumpiga mwenzake shoti ya umeme kila anapokosea jibu. Safari hii aliyepigwa alikuwa mwanamke wa kompyuta, na washiriki wote 34 walijua hivyo. Hata hivyo wale 23 waliomwona na kumsikia walionyesha dalili za wasiwasi mwilini na katika vitendo vyao, zaidi ya wale 11 waliowasiliana naye kwa maandishi tu. Kichwa kinajua ni uongo, mwili haujapata habari.

Mwaka 2007 Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Stanford waliwapa watu avata za vimo tofauti kisha wakawaambia wagawane fedha. Waliopewa avata ndefu walijadiliana kwa ukali zaidi. Waliopewa fupi walikuwa wepesi zaidi kukubali mgawanyo usio wa haki. Niliposoma hayo nilimkumbuka nyanya wangu mfupi pale mlangoni. Ningeweza kupaza sauti kwa herufi kubwa, kadi haikunikataza. Sikufanya hivyo. Nilisubiri niulizwe.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Avata inaweza pia kuwa kinyago cha dhihaka. Wiki moja kijana mwenzetu alipewa uhusika wa mama wa sokoni akaanza kuandika kwa lafudhi ya kuchekesha, na darasa likaangua kicheko. Mhadhiri alisimamisha mchezo. Akamuuliza, "Hiyo lafudhi iko upande gani wa kadi?" Kimya. Wala sidai kwamba kuvaa leso ya picha kwa dakika 40 kulinifundisha uzee ni nini. Nilichojifunza ni kidogo zaidi ya hicho, nacho ni jinsi mtu anavyojisikia akiwa na jibu na hakuna anayeuliza.

Kikao baada ya mchezo

Sehemu iliyonifunza zaidi ilikuja tukiwa tumeshatoka kijijini. Mhadhiri aliwasha projekta akapitia mazungumzo yote yaliyohifadhiwa na seva, mstari kwa mstari. Kila mwanakijiji akasoma upande wa nyuma wa kadi yake kwa sauti. Niliposoma wangu kundi la pili waliinamisha vichwa, nami nikaanza kujisikia bingwa.

Halafu akafungua rekodi ya wiki iliyotangulia, ambapo mimi ndiye niliyekuwa mchambuzi na kijiji kilikuwa zahanati. Nilikuwa nimemuuliza daktari mkuu maswali 14. Muuguzi wa dirishani nilimuuliza moja: "Kompyuta iko wapi?" Mfagiaji, ambaye kadi yake ilisema yeye ndiye huwaonyesha wagonjwa pa kwenda na anajua foleni inakwama wapi, sikumsalimu hata. Aliyekuwa akimwigiza alikuwa ameketi kiti cha tatu kutoka kwangu. Alinitazama tu.

Likizo ilipofika nilienda ushago. Nyanyangu mzaa mama ameuza maziwa maisha yake yote. Nimebeba mtungi wake hadi barabarani tangu nikiwa darasa la tatu. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: unajuaje umepeleka kiasi gani? Alicheka. Akaingia ndani akatoka na mkebe wa majani ya chai uliojaa punje za maharagwe. "Unadhani ni wewe tu uliyesoma hesabu?" Mkebe ule nilikuwa nimeuona rafuni miaka yote, nikidhani ni mbegu.

Sasa tufike kwa mashine

Mwaka huu mhadhiri alinipigia. Darasa lake limepita wanafunzi 100. Hawezi kusimamia wanakijiji wengi hivyo, kuandika kadi zote na kusoma rekodi zote. Ombi lake lilikuwa la maana: nimtengenezee kijiji ambacho avata zote za wanakijiji zinaongozwa na akili unde, ili wanafunzi wote wawe wachambuzi, kila mmoja kwa wakati wake, hata usiku wa manane.

Nilifurahi, nisiwafiche. Kwa mtu wa programu ni kazi tamu. Nikaunganisha seva na modeli kubwa ya lugha, kila mwanakijiji akapewa kadi yake kama maelekezo, na mazungumzo yakawa yanapita kati ya dirisha la maandishi na modeli. Nikajaribu na nyanya.

"Habari nyanya."

Akanijibu kwa aya tatu. Kilo, karani, makaa ya ukutani, simu ya mjukuu, mpaka aibu ya kutojua kusoma, vyote kwa salamu moja! Nikabana maelekezo. Sasa akawa mkaidi hata ukimuuliza swali sahihi. Nikarekebisha tena na tena, wikendi nne. Kiswahili chake nacho kilikuwa kama cha msomaji wa habari saa moja jioni. Nikalirekebisha hilo pia. Mwishowe akawa mzuri. Mzuri kweli. Anasitasita, anajibu kwa ufupi, anafunguka ukimwendea kwa heshima. Nilimpa mwenzangu wa kazini amjaribu, akashindwa kupata siri ya kilo. Nikasema, hapa nimemaliza.

Usiku ule kabla ya kutuma kazi nikajiuliza: katika darasa letu la wanafunzi 22, ni nani aliyejifunza kuuliza? Wachambuzi walijifunza kiasi, ndiyo. Lakini mimi sikubadilishwa na zamu yangu ya uchambuzi. Nilimhoji daktari mkuu kwa maswali 14 nikatoka nikijisifu. Nilibadilishwa na dakika 11 za kusimama kando ya mtungi. Na kiti hicho ndicho nilichokuwa nimempa mashine. Mashine haikasiriki ikiona safu ya namba nzima. Haina nyanya wa kumwendea likizo. Somo tumempa mwanafunzi ambaye hatafanya mtihani.

Kuna mfano mmoja unaonipa moyo. Chuo Kikuu cha Central Florida kilitengeneza darasa pepe liitwalo TeachLivE, ambamo walimu wanafunzi hufanya mazoezi mbele ya avata za watoto kwenye skrini. Nyuma ya avata zile kulikuwa na binadamu aliyefunzwa akiziendesha. Wao walimweka binadamu huyo ili mwalimu mwanafunzi apate mazoezi yenye uhai. Mimi naongeza kwamba tukimweka mwanafunzi mwenyewe nyuma ya avata, naye pia anafunzwa.

Nilichomwambia mhadhiri

Nilimtumia programu pamoja na barua ndefu. Kwa ufupi ilikuwa hivi, na kama wewe ni mwalimu au mwanaprogramu mwenye mpango wa aina hii, huenda ikakufaa:

1. Mashine ipewe mwenyekiti, daktari mkuu na mkurugenzi. Hao wanapenda kuongea, na modeli za lugha hupenda kuongea. Wameumbiana.

2. Nyanya, mfagiaji na karani wachezwe na wanafunzi, kwa zamu. Asiwepo anayemaliza muhula bila kusimama kando ya mtungi angalau mara moja.

3. Wanafunzi zaidi ya 100 wagawanywe vijiji vya watu sita sita. Seva moja inaweza kubeba maeneo kadhaa, na mashine inaweza kusaidia kuandika rasimu za kadi na kuchambua rekodi. Hapo ndipo inapookoa muda wa mwalimu.

4. Kadi iwe na pande mbili, na kisichokuwa kwenye kadi, kama lafudhi ya dhihaka, kisiingie.

5. Kikao cha baadaye kisiachwe kamwe, hata kama muda umebana. Heri upunguze dakika za mchezo.

6. Maandishi yanatosha. Usisubiri miwani ya bei ghali. Sisi tulikuwa na ukungu wa mita 64 na leso ya kubandika.

Alinijibu kwa simu. Alisema ninachoomba ni kazi mara mbili ya aliyonipa, na kwamba mimi siko pale nikisahihisha ripoti za watu 100. Ana haki. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado nina ile kadi yangu ya nyanya. Ninayo, iko ndani ya daftari la mwaka wa tatu. Akasema muhula ujao atajaribu vijiji vitatu kwanza, kisha tuone.

Kwa hivyo ndiyo hiyo sababu ya kupotea kwangu. Nimeombwa kwenda siku ya kwanza kuwasha seva na kuhakikisha mwenyekiti hageuki Ruth. Nitawaletea habari jinsi mambo yatakavyokwenda. Wakati huo huo, wewe unayeandika mfumo wowote wiki hii, hebu angalia safu ya kilo.

Haya, tuonane wakati mwingine. Kila la heri!